Duka lipo, kwenye ramani halionekani: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wanaowatunzia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam wasifu wao wa Google, yaani ule ukurasa wenye ramani, simu, picha na nyota. Chache ni za wenye biashara wenyewe.

Ndugu wahariri, habari za kazi. Nahudumia wateja sita: saluni mbili, gereji, duka la dawa, mama lishe na fundi wa alumini. Mwezi wa kwanza nilijaza kila kitu, simu zikaanza kuingia. Sasa ni mwezi wa nne na wawili wananiuliza wananilipia nini. Niwajibu vipi? *Kijana wa Tabata*

Wana haki ya kuuliza. Kazi ya mwezi wa kwanza inaonekana kwa macho, ya mwezi wa nne haionekani. Wajibu kwa ratiba na namba, maneno matupu hayatakusaidia.

Google hupanga biashara za eneo kwa mambo matatu: inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu wake. Umbali huna la kuufanya. Saluni ya Sinza haitakaa juu kwa mtu aliyesimama Mbagala, na mteja aambiwe hivyo kabla hajatoa hata shilingi. Suala la kulingana unalimaliza mapema kwa kuchagua kategoria sahihi na kuorodhesha huduma, kisha unaligusa huduma zikibadilika. Umaarufu ndio unaojengwa polepole kwa maoni ya wateja, majibu yako, na kutajwa kwenye tovuti nyingine, na hapo ndipo ada ya kila mwezi inapokwenda. Nafasi yenyewe hainunuliwi. Tangazo la kulipia ni jambo lingine, nalo huandikwa kuwa ni tangazo.

Kila wiki, jibu maoni mapya na kagua kama kuna taarifa iliyobadilishwa. Wengi hawajui kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye wasifu wa biashara, na Google ikayakubali. Ghafla saa za kufungua zimegeuka, au duka limeandikwa kuwa limefungwa kabisa, na mwenye duka anashangaa kwa nini wiki ni kavu. Kila mwezi ongeza picha nne hadi sita zilizopigwa palepale kazini, si za kuokota mtandaoni. Picha ya pikseli 720 kwa 720, isiyozidi MB 5, inatosha. Kila miezi mitatu pitia kategoria na bei, kisha piga mwenyewe namba iliyoandikwa usikie nani anapokea.

Namba za utendaji (waliobonyeza kupiga simu, walioomba njia, walioingia kwenye tovuti, maneno waliyotafuta) Google inakuonyesha za miezi sita tu nyuma. Usipozinakili kwenye jedwali lako kila tarehe 1, mwakani hutakuwa na cha kulinganisha. Linganisha Januari na Januari, kwa sababu mwezi wa ada za shule haufanani na Desemba. Kwa biashara zinazofuata Ramadhani, kumbuka mwezi huo unahama kila mwaka. Pia fahamu kwamba "simu" kwenye ripoti ni idadi ya waliobonyeza kitufe. Aliyenakili namba akaja WhatsApp hahesabiwi. Mwombe mteja aweke daftari kaunta lenye safu tatu, Google, Instagram na kuelekezwa na mtu, apige mstari kila mgeni anapoulizwa "umetujuaje?". Daftari hilo ndilo litakalokutetea siku ya malipo.

Na usipime nafasi ukiwa umekaa ndani ya duka la mteja. Pale lazima utajiona wa kwanza. Kwa saluni ya Sinza, tafuta ukiwa Mwenge, kisha Ubungo, kwa maneno ambayo watu huandika kweli: "saluni ya kusuka", "kusuka rasta", "hair salon". Wakazi wa Dar huchanganya lugha wanapotafuta, kwa hiyo orodha ya huduma nayo ichanganye.

Nina duka la vitambaa ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey. Pini inawapeleka watu mtaa mwingine, bodaboda wananipigia kutwa nzima. Nimeihamisha mara tatu, bado. *Mfanyabiashara, Kariakoo*

Inaelekea uliihamisha ukiwa ndani ya fremu kwa kufuata nukta ya simu. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo nukta hiyo inaruka, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla hayajafika kwenye simu. Fanya kazi hii kwenye kompyuta. Fungua kuhariri mahali, chagua mwonekano wa setilaiti, vuta karibu mpaka uone paa la jengo lako, kisha weka pini pale mlango wa jengo unapotazama barabara. Ukiiweka katikati ya paa, mtu anaweza kuelekezwa uchochoro wa nyuma.

Kwenye anwani andika mtaa, namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani za makazi, jina la jengo, ghorofa, namba ya fremu na msimbo wa posta wa tarakimu 5. "Mkabala na benki" iweke kwenye maelezo ya biashara, ambako una nafasi ya herufi 750. Ukimaliza, subiri. Mabadiliko ya mahali huweza kukaguliwa kwa siku kadhaa, na kuhariri tena na tena katikati ya ukaguzi kunavuruga tu. Kama ni jina la mtaa wenyewe lililokosewa kwenye ramani, hilo linarekebishwa kwa kupendekeza marekebisho ndani ya Google Maps, si ndani ya wasifu wako.

Pini haijui ghorofa. Kazi hiyo ifanywe na picha tatu: mlango wa jengo ukiwa ng'ambo ya barabara, ngazi, na bango la fremu yako. Halafu mtumie kiungo bodaboda asiyekujua, afike bila kupiga simu. Akishindwa, muulize alipotea wapi. Ndipo pa kurekebisha.

Mbezi nako kuna balaa lake. Ipo Mbezi Beach, Kinondoni, na ipo Mbezi Luis, Ubungo, penye stendi ya mabasi ya mikoani. Ukiandika "Mbezi" peke yake utapata wateja wa upande wa pili, wenye hasira.

Kuna mtu ananiuzia nyota tano hamsini kwa mkupuo. Nikikataa, je, naweza angalau kumpa soda mteja anayeniandikia maoni? *Dada wa saluni, Sinza*

Dada, yote mawili hapana. Google inakataza maoni ya kununua na ya kuhongwa, hata kwa soda au punguzo. Ikigundua, inayafuta, inaweza kuufungia wasifu usipokee maoni mapya kwa muda, na inaweza kuweka onyo ambalo kila anayekutafuta atalisoma. Wewe ndiye utakayebaki na onyo. Muuzaji wa nyota atakuwa amehamia kwa mwingine.

Njia inayodumu ni ya kuomba kila siku kidogo kidogo. Chukua kiungo cha kuomba maoni ndani ya wasifu, kigeuze kuwa msimbo wa QR, uchapishe na uubandike kando ya lipa namba. Kwa saluni, omba mteja akiwa bado anajitazama kwenye kioo. Kwa gereji subiri siku moja au mbili gari litembee, ndipo utume WhatsApp: "Asante kwa kuja, kaka. Ukipata dakika, tuandikie tulichokufanyia na ulivyokiona." Maneno "tulichokufanyia" yana kazi yake, maana mteja akitaja mwenyewe kusuka rasta au kubadilisha bushi, msomaji anayefuata anajua hasa mnafanya nini. Waombe wote, hata aliyenuna. Kuchuja walioridhika tu nako hakuruhusiwi. Maoni mawili au matatu kila wiki kwa mwaka mzima yanaaminika kuliko arobaini ya Jumamosi moja.

Anayelalamika mjibu ndani ya siku mbili, kwa ufupi, na umpe namba ya kupiga. Usibishane. Wenye maduka ya dawa wawe macho zaidi: usitaje hata kidogo mtu alinunua nini, hata kama ni yeye aliyeanza kusema.

Ni fundi wa AC na friji, sina fremu, natokea nyumbani Kimara. Niweke wasifu mmoja kila wilaya? *Fundi, Kimara*

Hapana, fundi. Wasifu mmoja, anwani ya nyumbani ifichwe, kisha uorodheshe maeneo unayohudumia. Mwisho ni 20, na yasizidi mwendo wa takriban saa mbili kutoka unapoanzia. (Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro jioni, saa mbili huenda zisikuvushe mbali.) Fahamu tu kwamba kuandika "Kigamboni" kwenye orodha hakukupandishi Kigamboni. Hiyo ni taarifa kwa mteja, na umbali bado unakubana. Unaotaka wakuone huko, watengenezee ukurasa kwenye tovuti yako unaoeleza kazi ulizofanya kule, aina ya mitambo na bei ya kuanzia.

Uthibitisho mara nyingi ni wa video. Irekodi kwa mkupuo mmoja bila kuikatakata, isipungue sekunde 30: anza na barabara na kibao cha mtaa, ingia kwenye vifaa (geji za gesi, mtungi, pampu ya vakyumu), malizia na leseni au karatasi yenye jina la biashara. Nyuso za watu na namba za siri zisionekane. Wengi wanakataliwa kwa sababu wamerekodi vifaa tu, bila kitu kinachoonyesha vipo wapi. Kategoria kuu iwe ile inayokuingizia pesa nyingi. Za nyongeza zinaruhusiwa hadi tisa, lakini usizijaze kwa kuwa zipo.

Niliongeza "simu bei poa Kariakoo" kwenye jina la duka, nikapanda wiki mbili, kisha wasifu ukasimamishwa. Nifungue mwingine? *Muuza simu*

Usifungue. Wa pili utahesabiwa nakala na kukuharibia rufaa. Rudisha kwanza jina liwe lile la kwenye bango, leseni na risiti, ndipo ukate rufaa. Kabla ya kubonyeza, weka kwenye folda moja leseni ya biashara, usajili wa BRELA, cheti cha TIN na bili ya maji au intaneti yenye anwani ya duka, kwa kuwa ukishafungua fomu ya ushahidi una dakika 60 tu za kupakia. Ujumbe wa LUKU hautakufaa, hauonyeshi anwani ya duka. Jina na anwani zifanane kwenye kila karatasi. "Traders" huku na "Enterprises" kule inatosha kukukwamisha.

Kijana aliyenifungulia wasifu alitumia barua pepe yake, na sasa hapokei simu. *Mama wa mgahawa, Temeke*

Mama, tafuta mgahawa wako kwenye Google Maps, bonyeza kudai biashara hii, uombe umiliki. Aliyenao ana siku 3 za kujibu. Akikaa kimya, unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe na kuuchukua, maoni yote yakiwa palepale. Ukiupata, huwezi kumwondoa siku hiyohiyo: mmiliki mpya husubiri siku 7 kabla ya kuwatoa wengine.

Na vijana mnaofanya kazi hii, fungueni kwa barua pepe ya mwenye biashara, nyinyi mwingie kama mameneja. Mkiandika mkataba, hilo liwe la kwanza, kabla ya bei.

Sikukuu ya Idd niweke saa gani wakati haijulikani ni lini? *Duka la nguo, Magomeni*

Tumia saa maalumu, usiguse zile za kawaida. Jaza tarehe zote mbili mapema, kisha urekebishe usiku ule mwezi ukiandama. Matokeo ya utafutaji yanaonyesha nani yuko wazi muda huo, hivyo usijaribu kuandika saa 24 ili uonekane usiku: atakayekuja saa tano akakuta kufuli ataandika maoni yake palepale mlangoni.