Damu Chooni Haitibiwi kwa Kukisia

Juma lililopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa msomaji mmoja, kijana ambaye hajatimiza miaka 30, akinieleza kwamba kwa miezi kadhaa sasa anaona damu kila anapokwenda haja kubwa, kwamba ameshapewa malhamu ya bawasiri zaidi ya mara moja, na kwamba kila akirudi kulalamika anaambiwa ale mboga kwa wingi na apunguze mawazo. Aliniuliza mambo mawili: aendelee na malhamu hiyo au atafute mwingine wa kumchunguza, na je, ni kweli kwamba mtu mwenye ugonjwa wa utumbo mpana anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea familia kama wengine? Nimekwisha kumjibu kwa faragha. Kwa ridhaa yake najibu na hapa kwa upana zaidi, kwa kuwa maelezo yake yanafanana mno na yangu, na kwa kuwa kila nikisoma maneno hayo ya "punguza mawazo" uchungu wangu wa zamani huamka upya.

Nilianza kuugua nikiwa katika mwaka wa mwisho wa masomo. Dalili ya kwanza haikuwa maumivu. Ilikuwa hamu ya ghafla ya kwenda haja, isiyoahirishika, ambayo mara nyingi iliishia kwa ute kidogo na damu tu, kisha dakika chache baadaye hamu ileile ikarudi. Mahali nilipokuwa nikitibiwa nilipewa dawa za amiba bila kinyesi kupimwa, na zilipoisha bila nafuu nikapewa zilezile tena. Baadaye uamuzi ukabadilika, ikawa ni bawasiri. Baadaye tena, kwa sababu mitihani ilikuwa inakaribia, ikawa ni mawazo. Kila mara nilieleza jambo lilelile kwa maneno yaleyale na kila mara niliondoka na dawa mkononi, wala hapakuwa na aliyenibonyeza tumbo, sembuse kuangalia ndani. Nilikonda hadi nguo zikanipwaya, nikawa natweta nikipanda ngazi, na bado jibu likabaki kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi.

Aliyenivusha alikuwa daktari kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi, na nilimkuta kwa bahati tu kwa kuwa mwenzake alikuwa likizoni. Hakuanza na dawa, alianza na maswali. Damu imechanganyika na kinyesi au imekaa juu yake? Kuna ute? Tumbo linakuamsha usingizini? Ukimaliza, unahisi kama bado kuna kitu kimebaki? Yupo katika ukoo wako aliyewahi kuugua utumbo? Kisha akaagiza kipimo cha damu, kipimo cha kinyesi na kolonoskopi, yaani kutazama utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, na jibu likawa kolaitisi ya vidonda. Maswali yale hayakufika robo saa. Ndiyo maana nashindwa kuwasamehe kwa wepesi waliotangulia, ambao muda huo waliukosa mara zote nilipoketi mbele yao.

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa huu hufananishwa na bawasiri, inafaa kujua unavyofanya kazi. Utumbo mpana una urefu wa takribani mita 1.5, na kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi kutoka katika mabaki ya chakula hadi yawe kinyesi kilichoshikamana. Katika kolaitisi ya vidonda, kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa utumbo huo. Utando ukivimba na kuchubuka, maji hayafyonzwi vizuri, damu na ute hutoka, na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hushindwa kuhimili hata kiasi kidogo cha kinyesi. Ugonjwa kwa kawaida huanzia kwenye puru na kupanda juu bila kuruka sehemu. Kwa hiyo damu ya mwanzo huwa nyekundu na hutoka karibu kabisa na mahali bawasiri inapokaa, na tabibu aliyezoea kukisia hukisia kile anachokiona kila siku. Ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York waliueleza mwaka 1932, ni wa ukoo huohuo lakini una tabia tofauti: huweza kushika popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, huruka sehemu, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo, ndiyo sababu huweza kuleta majipu, au matundu yanayounganisha utumbo na viungo jirani.

Sikatai kwamba bawasiri ndiyo chanzo cha kawaida cha damu nyekundu, hasa ile inayodondoka au kubaki kwenye karatasi baada ya choo kigumu. Ninachokataa ni kutibu bawasiri ambayo hakuna aliyeiona. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na wakati huohuo akawa na ugonjwa mwingine juu zaidi, na kuonekana kwa mmoja hakumwondoi mwingine. Damu iliyochanganyika na kinyesi, damu inayokuja pamoja na ute, na kinyesi cheusi kinachonata kama lami, ambacho huashiria damu iliyotoka juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hayo yote ni mambo ya kuchunguzwa kabla ya kupakwa au kumezwa chochote.

Ipo pia hali ambayo utumbo hausumbuliwi na kidonda wala uvimbe, lakini wenyewe ni mwepesi kuchokozeka: tumbo linasokota, linajaa gesi, choo leo ni kigumu na kesho ni maji. Hali hii ni ya kweli na wanaougua hawajifanyi. Kigezo ambacho wataalamu wanakitumia tangu mwaka 2016 ni maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa juma kwa wastani katika miezi mitatu iliyopita, yanayohusiana na kwenda haja au na mabadiliko ya idadi na umbo la choo, huku dalili zikiwa zimeanza angalau miezi sita nyuma. Lakini hali hiyo peke yake haileti damu kwenye choo, haileti homa, haikondeshi mtu bila sababu, na si kawaida yake kumwamsha mgonjwa usiku wa manane ahare. Ukiwa na mojawapo ya hayo, usikubali kuambiwa kwamba tumbo lako lina wasiwasi tu. Kipo kipimo cha kinyesi kinachotafuta protini iitwayo kaliprotektini, inayotoka katika chembe nyeupe za damu. Kikiwa chini humsaidia daktari kuona kwamba hakuna uvimbe utumboni, na kikiwa juu humpa sababu ya kuingiza kamera.

Nawasihi wasomaji wangu, hasa wale mnaosoma kwa bidii au mnaojenga kazi zenu na mnaoona ugonjwa kama kizuizi cha kurukwa haraka, muijue kawaida ya miili yenu. Kwenda haja kubwa kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa juma, vyote huhesabiwa kuwa ni kawaida. Kinachotisha ni mabadiliko yasiyorudi nyuma. Andika tarehe, mara ngapi, umbo la choo, damu na maumivu. Kuna chati iliyotungwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, inayogawa choo katika aina saba, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu, na ukimwambia daktari "aina ya 6 kwa majuma matatu, usiku pia" umemwambia jambo lisiloweza kupuuzwa. Andika tena kesho. Daftari langu ndilo lililomfanya yule daktari kijana aniamini, na nalitunza hadi leo.

Saratani ya utumbo mpana nayo lazima itajwe, hata kama inatisha. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, na kwa kawaida huchukua takribani miaka 10 kugeuka kuwa saratani, muda ambao kinyama hicho kingeweza kuonekana na kukatwa wakati wa kolonoskopi ileile. Wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza kupimwa, kwa watu wasio na dalili, kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa sababu ugonjwa unazidi kuonekana kwa watu wa umri mdogo. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki kwa saratani hiyo tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Umri huo wa kupimwa ni kwa asiye na dalili. Mwenye damu, mwenye upungufu wa damu usio na maelezo, au mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hasubiri siku ya kuzaliwa.

Kuhusu kolonoskopi yenyewe, sehemu ngumu ni siku ya kabla, unapokunywa dawa ya kusafisha utumbo na kubaki karibu na choo hadi yatoke maji mepesi. Kipimo chenyewe hufanywa kwa dawa ya usingizi au ya kutuliza, na vipande vidogo vya utando vinavyochukuliwa havisikiki kwa sababu utando huo hauhisi maumivu ya kukatwa. Vipande hivyo ni muhimu, maana kifua kikuu cha utumbo na amiba vinaweza kufanana sana na magonjwa haya, na mgonjwa wa amiba akipewa dawa za steroidi, zinazopunguza nguvu ya kinga ya mwili, kwa kudhaniwa ana kolaitisi anaweza kuzidiwa vibaya. Unaona tena madhara ya kukisia, safari hii kwa upande wa pili.

Sasa swali la pili la kijana wetu, la maisha. Siku hiyohiyo ya tarehe 28 Agosti 2020, Shinzo Abe alitangaza kujiuzulu uwaziri mkuu wa Japani kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda, ugonjwa alioishi nao tangu ujana wake. Ulikuwa umemsumbua pia alipoacha madaraka mwaka 2007, kisha dawa mpya ikamtuliza, akarudi mwaka 2012 na kuwa waziri mkuu aliyekaa madarakani muda mrefu kuliko wote katika historia ya nchi yake. Ugonjwa ulimwangusha, ukamwacha akasimama, ukamwangusha tena. Huo ndio mwendo wake, nami nimeujua mwilini mwangu: kuna vipindi vya kuwaka na vipindi vya utulivu, na kazi ya matibabu ni kurefusha utulivu. Nilimaliza masomo, ninafanya kazi, na picha za kamera za mwezi huu zinaonyesha utando uliopona. Nilizitazama kwa fahari ambayo sitaificha.

Utulivu huo unalindwa na dawa zinazomezwa hata siku ambazo hakuna dalili. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanajisikia wazima, wanaacha mesalazini, dawa inayotuliza uvimbe wa utumbo, na utumbo unawaka upya. Msiache dawa. Msimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa kila kichwa kinachouma bila kumwuliza daktari, kwa kuwa dawa za aina hiyo zinaweza kuamsha ugonjwa. Mwenye ugonjwa wa Crohn aache sigara, maana humzidishia. Msinunue michanganyiko ya kusafisha utumbo; utando wa utumbo hujifanya upya wenyewe kila baada ya siku chache, wala hauna uchafu wa miaka uliogandamana kama wauzaji wanavyodai. Na nasema tena, msiache dawa.

Chakula ni somo ambalo kila mtu anajiona mwalimu wake. Hakuna mlo mmoja unaoponya kolaitisi. Nyuzinyuzi, zinazopendekezwa kwa mtu mzima kufikia angalau gramu 25 kwa siku, ni rafiki mkubwa wa utumbo uliotulia, lakini wakati wa kuwaka, au pale Crohn inapokuwa imefanya sehemu ya utumbo kuwa nyembamba, zinaweza kuongeza mateso. Kwa wenye utumbo mwepesi kuchokozeka, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliandaa utaratibu wa kupunguza kwa muda sukari zinazochachuka haraka, kama zile za vitunguu, ngano na maziwa, kisha kuzirudisha moja baada ya nyingine ili mgonjwa amjue mchokozi wake halisi. Watu wengi hufanya nusu ya kwanza na kusahau ya pili, wakabaki wanaogopa kila sahani.

Baada ya takribani miaka 8 tangu dalili kuanza, mgonjwa ambaye kolaitisi yake imepanda juu ya puru huingia katika ratiba ya kolonoskopi za kuchunguza dalili za mapema za saratani, hata kama anajisikia vizuri. Wekeni tarehe hiyo mahali mtakapoiona.

Kwa kijana aliyeniandikia: nenda na daftari lako, sema ni muda gani damu imetoka, na uombe kwa adabu kuchunguzwa puru na utumbo, ukikataliwa, omba uelezwe sababu, kisha utafute mwingine. Hayo ni ya siku ambazo unaweza kungoja. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walitaja alama za kolaitisi kali ambazo hospitali bado huzitumia: kuhara damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8, au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au damu kupungua sana. Ukifikia hapo, au tumbo likivimba na kuwa gumu, usingoje miadi wala usiniandikie mimi. Nenda hospitali usiku huohuo.