Skrini ya Bei Nafuu kwa Kuhariri Picha

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga picha za harusi hapa Morogoro na kuzihariri kwenye kompyuta mpakato, lakini zikisafishwa hutoka na giza kuliko nilivyoziona. Ninunue skrini gani isiyo ghali?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kupunguza mwangaza wa hiyo uliyo nayo, kwa kuwa skrini nyingi hutoka kiwandani ziking'aa kupita kiasi, na picha inayopendeza hapo hufifia ikifika kwenye karatasi. Ukinunua, tafuta ya aina ya IPS, yaani ile ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiitazama kutoka pembeni, inayoonyesha rangi za sRGB (kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta) kwa karibu asilimia 100. Zile za TN, aina nyingine ya skrini, ingawa ni rahisi, hubadilisha rangi ya ngozi kila unapoinua au kuinamisha kichwa. Dukani, fungua picha ya bibi harusi mwenye shela jeupe, uitazame kutoka pembeni na kutoka chini. Mikunjo ya kitambaa ikipotea, iache. Kwa inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha. Mimi ningechagua skrini ya ofisi iliyotumika, ya daraja la juu, kuliko mpya ya hovyo, mradi uiwashe kwa nusu saa na kuhakikisha weupe wake haujageuka manjano kwenye kingo.