Maswali na majibu: Kufufua lezi kuukuu

Shikamoo fundi. Nimepata lezi (mashine ya kukereza chuma) ya Kiingereza kwa wauza vyuma chakavu hapa Mbeya. Ina kutu mwili mzima. Niifungue yote? – Kijana wa Sokomatola

Marahaba, kijana wangu. Spana ziweke chini kwanza. Lezi nyingi ninazoletewa zimeharibiwa na aliyezifungua kuliko miaka iliyopita juu yake. Tia oili kwenye kila tundu la mafuta, iache ilale usiku kucha, kisha zungusha spindo, ule mhimili unaozungusha kipande, kwa mkono. Ikizunguka laini bila kukwaruza wala kucheza, kichwa cha mashine kiache kama kilivyo, safisha nje tu.

Ikikwaruza, fungua, lakini piga picha kwa simu kabla ya kila nati. Ukikuta beringi za shaba zenye vifuniko vya juu, chini ya vifuniko kuna vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi. Kila kibati kirudi upande kilikotoka. Ukivichanganya, spindo itabana au itacheza. Na pini: nyingi ni nene upande mmoja. Ukiipiga kutoka upande mnene unazidi kuikaza, halafu unalaumu kutu. Pima ncha zote mbili kwa kalipa, upige kutoka ncha nyembamba.

Kitandani, yaani kwenye reli ndefu za mashine, kutu itoke kwa mafuta ya taa na wembe uliolazwa. Grenda isikaribie hapo hata kwa mzaha! Msasa nao mchanga wake hujificha chini ya kigari kinachobeba kisu na kuendelea kusaga chuma miaka na miaka. Vipande vidogo vya chuma vitumbukize kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, kisha unganisha chaja ya betri ya kizamani: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Visigusane. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande wa chanya, kinatoa sumu majini. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, maana gesi inayopanda inalipuka. Springi usizitie humo, zitakuja kukatika.

Chaki (kile kishikio cha kipande) imeganda kwenye spindo. Jirani ananiambia nifunge gia ya nyuma, ile ya kupunguza mwendo, halafu nipige nyundo. – Ipogolo, Iringa

Jirani huyo hatakununulia gia. Meno ya chuma cha kusubu hukatika kwa pigo la namna hiyo, na jino likishakatika kuna safari ya kumtafuta wa kukuchongea jingine. Angalia kwanza aina ya chaki. Ikiwa pembeni mwa pua ya spindo, nyuma ya chaki, kuna matundu ya ufunguo yenye alama, zungusha kila kufuli hadi alama zikutane, ugonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Ikiwa ni ya kufunga kwa nyuzi, tia mafuta ya kupenyeza, subiri siku kadhaa, pasha moto kiasi bamba la nyuma ya chaki, kisha bana bomba nene kwenye taya na uvute kwa nguvu isiyo ya ghafla, huku mwenzako ameishika puli kwa mkanda. Kitanda kifunike kwa ubao, chaki ikidondoka itakiumiza.

Spana zangu za milimita haziingii vizuri kwenye bolti za lezi ya Kiingereza. – Tukuyu

Bolti hizo huenda ni za inchi, aina ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Namba iliyo kwenye spana yake hutaja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Nyuzi zake zina pembe ya digrii 55, za milimita ni digrii 60, kwa hiyo usilazimishe bolti ya dukani iingie.

Mota ni ya fezi tatu, nyumbani TANESCO wameniletea moja. – Njombe

Soma kibati cha mota. Kikisema volti 230/400, fundi umeme anaweza kuiunganisha kwa delta (muungo wa nyaya wa volti ndogo) na kuiendesha kwa inveta ya fezi moja kwenda tatu. Kikisema 400 peke yake kwa nyota (muungo wa volti kubwa), ama isukwe upya, ama ununue mota ya fezi moja. Kwa karakana ndogo mimi ningenunua mota.

Nikisafisha leo, kesho kutu imerudi. – Mafinga

Uko jirani na mashine za mbao? Vumbi la msonobari hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma, na baridi ya Juni huko unaijua mwenyewe. Fagia kila jioni, paka oili ya haidroliki namba 68, funika kwa turubai la kitambaa. Nailoni hufungia jasho ndani. Grisi kitandani usipake, inakusanya chembe za chuma.

Kipande kinatoka kinene mwishoni, ingawa situmii kichwa cha nyuma, kile cha kushikilia ncha ya pili ya kipande. – Uyole

Huenda kitanda kimejipinda kwa sababu miguu haikukaa sawa. Bana nondo nene itokeze kama sm 15, kereza kidogo ncha zote mbili bila kubadilisha mkao wa kisu, upime kwa maikromita. Ikiwa ncha ya mbali ni nene, inua mguu wa mbele wa upande wa kichwa cha nyuma kwa kibati chembamba, kaza, kereza tena. Tofauti ya milimita 0.02 ivumilie. Kama sakafu ya zege ni mpya, rudia kipimo baada ya wiki chache.