Futa "wewe na familia yako" kabla kadi hazijachapwa

Mkuu, mpigie huyo mchapaji sasa hivi, mwambie asiwashe mashine. Kuhusu kadi yako ya mwaliko wa harusi, umeuliza familia ya nani itangulie, marehemu baba aandikweje, mstari wa Biblia ukae juu au chini, na kama kadi iwe ya Kiswahili. Mimi nimesoma rasimu uliyobandika nikakwama kwenye mstari wa pili: "inayo furaha kuwaalika wewe na familia yako kwenye tafrija ya harusi." Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nilipie sahani 250, wakaingia watu 312, na mpishi akanifuata saa 5 usiku kudai 30,000 kwa kila kichwa kilichozidi. Piga hesabu mwenyewe: 1,860,000, taslimu, usiku uleule.

Familia kwetu si baba, mama na watoto wawili. Ni shangazi aliyekuja mjini kutibiwa, ni shemeji, ni dada wa kazi aliyembeba mtoto, ni wapwa walio likizo. Ukiandika "na familia yako" umewaalika wote, na wakishafika mlangoni wamependeza na sare zao huwezi kumrudisha hata mmoja. Kadi imesema waje.

Anza na kitenzi. Kadi ya mtu mmoja inasema "kukualika". Ya wawili inasema "kuwaalika Bw. na Bi.", kisha nukta za kujazia jina. Usikubali ule mtindo wa "Bw./Bi./Familia ya ............". Neno "Familia ya" likiwepo pale, ndugu anayekusaidia kujaza majina atalikimbilia, maana ni rahisi kuliko kupiga simu kuuliza mke wa fulani anaitwa nani.

Kisha idadi, na hapa usinielewe vibaya: idadi ichapwe, isiandikwe kwa kalamu, na ichapwe kwa maneno. "Kadi hii ni ya mtu mmoja." "Kadi hii ni ya watu wawili." Tarakimu 1 ya kalamu hugeuzwa 4 kwa mistari miwili, na mtu wa mlangoni mwenye taa hafifu hataona tofauti ya wino. Chapisha mafungu mawili, singo na dabo, kila fungu na rangi yake ya ukingo, na kila kadi iwe na namba ya mfululizo. Chini weka: "Tafadhali fika na kadi hii." Kama hutaki watoto, sema wazi: "Sherehe hii ni ya watu wazima." Usiandike "watoto wadogo wasije", kwa sababu hakuna mzazi anayeamini kwamba wa kwake mwenye miaka 9 ni mdogo.

Kabla ya kuagiza, toa kwanza wanaokula bila kadi. Kwenye sahani 250, MC, DJ, wapiga picha, watu wa video na wapambaji na wasaidizi wao wanaweza kula 20. Maharusi, wasimamizi na wazazi wa pande zote, weka 15. Zimebaki 215. Hizo ni dabo 80 na singo 50, jumla watu 210, na singo 5 zisizo na jina zikae kwa katibu wa kamati, si kwa mama mkubwa.

Kadi ya mchango nayo iseme mapema. Kama kamati imepanga singo 50,000 na dabo 100,000, viandikwe palepale. Ukikaa kimya, aliyetoa laki moja atajihesabia viti viwili, ukimpelekea singo ataona umemdharau, na atakuwa na haki.

Mchapaji wangu aliniambia "kadi zote zinaandikwa hivyo." Uongo! Alikuwa na kadi ya harusi nyingine kwenye kompyuta, akabadilisha majina na tarehe tu. Mjumbe mmoja wa kamati naye akasema kutaja idadi ni uchoyo, na wazee watachukia. Wazee hawachukii kuambiwa ni watu wangapi. Kinachowaudhi ni kukaa meza ya 30 na kuambiwa kuku wameisha. Huyo mjumbe usiku ule hakuchangia hata shilingi kwenye deni la mpishi.

Kadi ya WhatsApp ndiyo hatari zaidi kama haina jina, kwa sababu picha ileile inatumwa kwenye kundi la ukoo na kila mmoja anaionyesha mlangoni. Iwe na jina la mwalikwa juu yake na msimbo wa QR unaokubali mara moja kwa singo, mara mbili kwa dabo.

Marehemu baba: usiandike "Bw. na Bi." kama vile yupo. Andika "Familia ya marehemu Bw. ............ inayo furaha", hapo anayealika ni familia na hakuna kosa. Na rekebisha "saa 6:00 jioni", umeitafsiri kutoka saa za Kiingereza. Jioni ni saa 12:00. Saa 6 ni mchana au usiku wa manane, na wapo watakaofika ukumbini mchana wakute viti bado havijapangwa.

Ukishasahihisha, dai nakala moja ya karatasi ya kila fungu, mpe mtu asiyejua lolote kuhusu harusi yako aisome, umuulize swali moja: "Wewe ungekuja na nani?" Akisita, irudishe kwa mchapaji.