Seva ya barua afisini imegoma: maswali kutoka Unguja na Pemba

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu barua pepe za kazini, na mengi yamekuja na sentensi ile ile: fundi kaizima seva akaiwasha, haikusaidia. Kwa hiyo nina ombi kabla ya majibu. Barua ikirudi, msiifute. Ndani yake mna namba ya tarakimu tatu inayotaja sababu. Ikianza na 4, maana yake ni kwamba haikupokelewa kwa sasa, na seva yenu itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, imekataliwa kabisa, na hata mkiituma mara kumi itarudi vile vile. Utaratibu huo umo katika SMTP, lugha ambayo seva za barua huongea, tangu Jon Postel alipoiandika mwaka 1982. Anayeisoma namba hiyo huwa ameshafika nusu ya safari, na anayeipuuza hulipa mafundi bure.

Asalaam alaykum. Tuna hoteli ndogo. Barua za kuthibitisha vyumba tunazowapelekea wageni wenye Gmail ama zinaangukia kwenye taka ama zinarudi na namba 550 5.7.26. Zamani haikuwa hivi. Tumekosea wapi? – Mapokezi, Paje

Waalaykum salaam. Ni kweli, zamani haikuwa hivi. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti. Kila anayetuma kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Namba yenu inasema kwamba Google haikuweza kuthibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli. Nyinyi hamfiki 5,000, lakini nawashauri mziweke zote tatu.

SPF ni mstari mmoja kwenye DNS (daftari la majina la intaneti) ya domeni yenu, yaani jina linalofuata @, unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni sahihi ambayo seva huigonga kwenye kila barua, na ufunguo wa kuihakiki hukaa kwenye DNS hiyo hiyo. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini pale uthibitisho unaposhindikana, na huwaletea nyinyi ripoti.

Hoteli nyingi hujikwaa mahali pamoja. Barua zao hazitoki kwenye seva ya afisi peke yake. Programu ya kuuza vyumba inatuma, na mara nyingine tovuti nayo inatuma. Fundi anaandika SPF ya seva ya afisi, kisha anakuja fundi wa tovuti na kuongeza mstari wa pili wa SPF. Domeni yenye mistari miwili ya SPF huhesabiwa kuwa na kosa, kwa hiyo yote miwili haifai kitu. Iwe mmoja tu, uwataje wote, na usimlazimishe mpokeaji kuiuliza DNS zaidi ya mara 10. DMARC anzeni nayo kwa p=none, yaani msimwambie mpokeaji akatae kitu, msome ripoti wiki kadhaa mjue ni nani wote wanaotuma kwa jina lenu, ndipo mkaze.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Namba ya IP ya seva yenu lazima irudishe jina la seva ikiulizwa, na rekodi hiyo, PTR, huwekwa na kampuni inayowauzia intaneti, si nyinyi. Waombeni kwa maandishi. Kama laini yenu ni ya kawaida, yenye IP inayobadilika, msihangaike nayo: wapokeaji wengi huzikataa IP za namna hiyo moja kwa moja. Pitisheni barua zinazotoka kwa mtoa huduma wa nje, poti 587, kwa jina na nywila. Mkimaliza, jipelekeeni barua kwenye Gmail na mfungue maandishi yake ghafi. Mkiona spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass, basi upande wa uthibitisho mmemaliza.

Umeme ulikatika tangu jioni mpaka asubuhi. Bosi anasema barua zote tulizoandikiwa usiku ule zimepotea. Ni kweli? – Karani, Chake Chake

Hazijapotea, inshaallah. Seva ya anayewaandikia ikikuta yenu imezimwa, huiweka barua kwenye foleni na kurudi tena na tena. Kanuni za SMTP zinataka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na Postfix, programu ya seva ya barua inayotumika kwenye afisi nyingi, hushikilia siku 5. Mwanzo hujaribu kila baada ya dakika 5, kisha nafasi inapanuka mpaka saa moja na kidogo. Ndiyo maana umeme ukirudi barua haziji zote pamoja wala kwa mpangilio: ya saa 2 usiku inaweza kufika baada ya ile ya alfajiri. Mwambie bosi asubiri kidogo kabla ya kuwapigia watu wamwandikie upya.

Khofu yangu zaidi ni kwa diski. Seva inayozimika ghafla wakati inaandika barua inaweza kuamka na sanduku lililoharibika. UPS, yaani betri ya akiba, inayoipa muda wa kuzimika vizuri ni lazima, na iunganishwe na seva kwa waya wake ili betri ikikaribia kwisha seva ijizime yenyewe. UPS inayosubiri mtu aje kubonyeza haiwafai, kwa sababu usiku hamna mtu afisini.

Siku 5 nazo si nyingi. Waliokuwapo Unguja wanaikumbuka giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya hitilafu ya umeme unaoletwa kwa waya wa chini ya bahari: miezi mitatu. Kwa msiba wa namna ile foleni haiokoi kitu. Kinachookoa ni kuweza kuibadilisha rekodi ya MX, mstari wa DNS unaosema barua zenu zipelekwe seva gani, ili barua ziende kwenye seva ya kukodi kwingine. Kwa hiyo DNS ya domeni isikae chumba kimoja na seva, na nywila yake asiijue mtu mmoja tu. Nimeona afisi iliyokwama kwa sababu fundi mwenye nywila alikuwa safarini Muscat.

Simu za wafanyakazi zinasema cheti cha seva si halali. Nibonyeze "endelea" tu? – Wete

Hapana, ndugu yangu, na uwakataze na wenzako. Angalia kwanza ni wangapi wanaopata tatizo. Ikiwa ni kompyuta moja tu, tazama tarehe yake: betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi nyuma miaka na kila cheti kinaonekana kibovu. Ikiwa ni vyombo vyote, aghlabu cheti cha seva kimekwisha muda. Vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vimekuwa vikidumu siku 90. Mara nyingi utakuta kimeshajihuisha chenyewe kwenye diski, ila Dovecot, programu inayowafungulia watu masanduku yao, bado imeshikilia cha zamani kwenye kumbukumbu. Iambie isome upya mipangilio, itatosha.

Asubuhi tumekuta foleni ina maelfu ya barua kwa watu tusiowajua, zote kwa jina la mhasibu wetu. Fundi kazifuta, akaiwasha seva upya. Mchana zimerudi. – Kampuni ya usafirishaji, Malindi

Hapa nawaomba mwache kazi nyingine zote kwa leo. Nywila ya mhasibu imeibiwa, na anayeituma mizigo hiyo yumo ndani kwa ruhusa halali kabisa. Kufuta foleni bila kubadili nywila ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Badilisheni nywila yake sasa hivi, na mkate miunganisho yote iliyo wazi kwa jina lake, kwani aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani. Kisha someni logi, daftari la seva la matukio: tafuteni sasl_username, yaani jina la aliyeingia kutuma, mjue ni akaunti hiyo moja au zipo nyingine, na IP zinaonyesha anaingilia wapi. Ndipo mje kwenye foleni. Tumieni postqueue -p muione, na mfute za mhasibu tu. Fundi akitaka kuandika postsuper -d ALL mzuieni. Amri hiyo hufuta na barua halali za wateja zilizokuwa zikisubiri, na hazirudi tena.

Angalieni pia kanuni za sanduku lake. Wezi hupenda kuweka amri ya kimya inayopeleka nakala ya kila barua nje. Nywila mtabadilisha, nakala zitaendelea kwenda. Baada ya hapo tazameni kama IP yenu imeingizwa kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha IP zinazotuma taka. Imo? Ombeni itolewe, lakini mkishasafisha kweli, kwa sababu mkiomba mapema itarudishwa.

Sasa linaloniuma zaidi. Aliyekaa kwenye sanduku la mhasibu amesoma ankara zenu, anajua nani anawadai na nani mnamdai. Barua za taka zinaudhi tu. Hatari ni ile barua moja, nzuri, yenye adabu, itakayomwambia mteja wenu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Itatoka kwenye domeni inayofanana na yenu ila herufi moja. Wapigieni simu wateja na wauzaji leo, kwa namba mlizokuwa nazo tangu zamani, si zilizo chini ya barua. Na msimwaibishe mhasibu mbele ya watu. Mfanyakazi anayeogopa kuaibishwa hatasema siku nyingine atakapobonyeza kitu asichokijua, na kila saa anayonyamaza ni faida kwa mwizi.

Faili la MB 20 linarudi, na Gmail wanasema mwisho ni MB 25. Kwa nini? – Mwalimu wa skuli, Mkoani

Mwalimu, kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, na hapo huongezeka zaidi ya theluthi moja. MB 20 zako zinafika kama 27. Seva yenu nayo, ikiwa ni Postfix ambayo haijaguswa, haipokei zaidi ya baiti 10,240,000, yaani faili la kama MB 7. Pelekeni kiungo cha kupakulia.

Seva inajibu 452 4.3.1, hakuna nafasi. Diski ina nusu tupu! – Fundi, Fumba

Andika df -i, inayohesabu mafaili, badala ya df -h, inayopima nafasi. Kwenye Maildir, mtindo mmoja wa kuhifadhi barua, kila barua ni faili lake, na idadi ya mafaili inaweza kwisha kabla ya nafasi. Anza na folda za taka ambazo hazijasafishwa, na logi za zamani.

Seva yetu iko chini ya ngazi, kwenye nyumba ya Mji Mkongwe. Mkurugenzi anauliza: tuendelee nayo au tukodi? – Mkunazini

Kodini. Sisemi hivyo kwa kupenda vya nje. Hewa ya chumvi na unyevu wa kuta zile hula viunganishi vya shaba, vumbi la chokaa huziba feni, na hamjasema kama mna mtu wa kuiangalia kila siku. Afisi yenye fundi wake, umeme wa akiba na chumba kikavu chenye kiyoyozi inaweza kubaki na seva yake, na ipo sababu nzuri: barua za wateja ni amana, na kujua zilipo ni sehemu ya kuitunza. Ila kwa chini ya ngazi, hapana.

Mkihama, msiizime ya zamani siku hiyo hiyo. Siku chache kabla punguzeni TTL ya rekodi ya MX, yaani muda ambao wengine huikumbuka kabla ya kuuliza upya, mpaka sekunde 300, hamisheni masanduku kwa programu ya imapsync, badilisheni MX, kisha iacheni ya zamani ikipokea kwa wiki nzima kwa ajili ya seva zilizochelewa kupata habari. Na nakala za akiba mlizonazo, jaribuni kurudisha sanduku la mtu mmoja kutoka humo kabla ya kuhama, mhakikishe linafunguka.