Kukatwa kwa mafuta ya utando kunapandishaje kalsiamu ya seli?

Umeuliza: kama mafuta ya utando hayabebi akiba ya kalsiamu, mbona yakikatwa kalsiamu hupanda ndani ya seli? Nimepima jambo hili kwa muda mrefu kwa fura-2, rangi inayong'aa kufuatana na kiasi cha kalsiamu ndani ya seli, hivyo najibu kwa niliyoyaona kwenye hadubini.

Mafuta yenyewe ni PIP2, machache mno kwenye utando. Homoni ikigusa kipokezi chake, kimeng'enya fosfolipesi C huyakata vipande viwili. Kipande cha kwanza, IP3, huyeyuka majini na kuelea hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, ghala la kalsiamu, ikafungua milango yake. Saitoplazimu, yaani majimaji ya ndani ya seli, ikitulia ina kalsiamu kama nanomola 100 tu, kwa hiyo hata uvujaji mdogo huonekana. Hili lilithibitishwa mwaka 1983 kwa seli za kongosho, miaka 30 baada ya mtafiti Hokin na mkewe kuona fosfolipidi (mafuta ya utando) za kongosho zikichangamka zinapochochewa.

Vitabu vingi huishia hapo, na ndipo utamu unapoanzia. Ondoa kalsiamu ya nje, kisha tia karbakoli, dawa inayochochea kipokezi kama homoni: mstari wa kalsiamu kwenye grafu unaruka juu halafu unaanguka, ingawa karbakoli bado ipo. Rudisha kalsiamu nje, unapanda tena na kubaki juu. Ghala likipungua, protini STIM1 huhisi na kuufungua mlango wa Orai1 kwenye utando wa nje.

Kwa dozi ndogo ya karbakoli utaona mawimbi, kalsiamu ikipanda na kushuka. Kipokezi cha IP3 huchochewa na kalsiamu kidogo na kuzimwa na kalsiamu nyingi. Kila seli hupiga kwa mwendo wake. Ukichora wastani, mawimbi yanafutika. Grafu ya wastani peke yake siiamini.

Kipande cha pili, DAG, husahaulika kwa sababu hakibanduki utandoni. Hapo hushirikiana na kalsiamu kuamsha kimeng'enya kinasi C, na kwenye baadhi ya seli hufungua milango ya kalsiamu ya utandoni, TRPC3 na TRPC6, bila kupitia ghala.

Kuhusu U73122 uliyotaja kama kizuizi cha fosfolipesi C: isikutoshe, maana hugusa na mambo mengine ya kalsiamu. Linganisha na tapsigagini, inayozuia pampu ya ghala na kulimwaga bila IP3. Ikiwa karbakoli haipandishi kitu lakini tapsigagini inapandisha, ghala lako ni zima. Tafuta tatizo kwenye hatua zinazolitangulia, kuanzia kipokezi cha homoni hadi IP3.