Kwa nini chama hakiwezi kujazia tu pengo la mgombea

Mtu anaweza kuuliza: mgombea akikosa pesa za kampeni, kwa nini chama kisimlipie tu matangazo? Tatizo ni bei. Marekani, siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, sheria inavilazimisha vituo vya televisheni kumtoza mgombea bei ya chini kabisa. Kamati huru za matumizi, yaani makundi ya chama au ya wafadhili yanayomtangazia mgombea bila kupanga naye, hazina haki hiyo: sekunde 30 zilezile zaweza kuzigharimu mara mbili, tatu, hata zaidi. Kwa hiyo dola moja anayoikosa mgombea haizibwi kwa dola moja. Agosti 2022, J. D. Vance, mgombea wa Seneti wa chama cha Republican, akiwa amechangisha kidogo, Senate Leadership Fund, kamati huru inayowasaidia Warepublican, ilitenga dola milioni 28 za matangazo kumwokoa Ohio, na mwezi huohuo ikafuta takriban milioni 8 za Arizona. Vance alishinda; Blake Masters, Mrepublican wa Arizona, naye akiwa na mfuko mwembamba, akaangushwa na Mark Kelly wa chama cha Democratic.